Ua wa Nyumba, Karakana ya Kwanza ya Utamaduni Wetu

Wanapotajwa mafundi na wasanii waliolipa taifa letu jina, fikra za wengi huelekea kwenye majumba ya makumbusho, kumbi za maonyesho na vyuo vya sanaa. Mahali hapo panastahili heshima, kwa kuwa ndipo kazi za mikono ya wazee wetu zinapohifadhiwa na kufundishwa. Lakini tukiifuata historia hatua kwa hatua, tunaona kuwa sehemu kubwa ya sanaa tunazojivunia leo haikuzaliwa humo. Ilizaliwa uani, baina ya mafiga na vinu, watoto na kuku, nguo zilizoanikwa na mikeka ambayo haijesha kushonwa. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi vikorokoro vya nyumba yenye watu wengi, pamoja na mambo yaliyoharibika humo, vilivyosaidia kuijenga sanaa yetu, na kwa nini mwalimu na mzazi wa leo hawana budi kulifikiri jambo hilo kabla ya kumwambia mtoto, "Acha, usichafue."

Tarehe 10 Desemba 1962, siku Jamhuri ya Tanganyika ilipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Tangu siku hiyo yamefanyika mengi kwa ajili ya ngoma, nyimbo, lugha na uchongaji. Hata hivyo, nyumba yenyewe, ambamo mtoto huona kazi ikifanywa kabla hajajua kusema, haikuzungumzwa sana. Wengi wameitazama kama mahali pa kulala na kula tu. Waama, hapo ndipo elimu ya mikono inapoanza.

Tuitazame nyumba ya Kiswahili kama ilivyojengwa Kariakoo, Ilala, Ng'ambo ya Unguja na katika miji mingine mingi. Mbele ina baraza, ambapo wageni hukaa na wapita njia husalimiwa. Katikati hupita ukumbi mrefu wenye vyumba kushoto na kulia, na mara nyingi kila chumba huwa na jamaa yake. Nyuma ndiko uani, kuliko na jiko, bafu, choo na pengine kisima. Baraza ni uso wa nyumba, nalo hufagiwa na kutunzwa kwa ajili ya macho ya watu. Ua ndio mwili unaofanya kazi. Humo utakuta mbuzi ya kukunia nazi, ungo wenye mchele usiochaguliwa, kindoo cha maji, kinu kilicholazwa, bunda la ukindu linalosubiri rangi, na watoto wa jamaa nne wakigombea kopo moja. Mgeni asiyezoea ataona vurugu. Mwenyeji anajua kila kitu kilipo, na kila kitu kimeachwa hapo kwa sababu kitahitajiwa baada ya muda mfupi. Wahenga walitufunza kuwa nyumba njema si mlango. Mwenye kutaka kuijua hana budi aingie ndani, afike mpaka uani.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba sanaa za uani ni sanaa zinazovumilia kukatizwa. Mama mwenye sufuria mekoni, mtoto mgongoni na jirani mlangoni hawezi kushika kazi inayodai saa tatu za ukimya. Kwa hiyo mikono ya wazee wetu ilichagua na kukuza kazi zinazoweza kuwekwa chini na kuinuliwa tena bila hasara. Mfano bora ni ukili. Makuti machanga ya mkindu hukaushwa, huchanwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa utepe mrefu mwembamba unaoviringishwa kadiri unavyokua. Msusi akiitwa, huuacha. Akirudi, huendelea pale alipoishia. Ukili ukitosha hushonwa ukawa mkeka, na mkeka ule hubeba ndani yake mamia ya vituo: hapa mtoto alilia, pale wali ulikaribia kuungua, kwingine taarifa ya msiba ilifika. Kofia ya kushona kwa mkono ni vivyo hivyo. Vitundu vyake vidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa wiki na miezi, na kitambaa chake hukunjwa na kuchukuliwa popote mshonaji aendapo. Mapambo ya mkeka na ya kofia ni mistari na maumbo yanayorudiwa kwa hesabu. Hesabu hiyo humwezesha fundi akumbuke alipofika hata kama amekatizwa mara kumi kwa siku.

Jambo la pili ni kubadilisha kilichopo kiwe kile kinachotakiwa. Hapa historia ya kanga inatupa ushahidi ulio wazi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vitambaa vya leso vilivyotiwa nakshi viliuzwa Unguja na pwani nzima vikiwa vimeungana katika majora. Jina leso lenyewe limetokana na neno la Kireno. Leso zile zilikusudiwa ziwe vitambaa vya mkononi. Wanawake wakakata vipande vya leso tatu tatu zilizoungana, wakashona kipande kimoja juu ya kingine, wakapata vazi la leso sita. Hakuna kiwanda kilichowashauri wala fundi wa ng'ambo aliyewachorea. Ilikuwa kazi ya sindano nyumbani, na yaelekea kwa macho ya muuza leso ulikuwa ni uharibifu wa bidhaa nzuri. Wafanyabiashara walipoona vazi hilo linapendwa, ndipo walipoagiza vitambaa vipana vilivyochapwa kwa mtindo huo mpya. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, akaanza kutia maneno juu ya kanga, na vazi likapata ulimi.

Tusilipuuze jambo hili kwa kudhani ni habari ya mavazi tu. Zamani za utumwa mwanamke mtumwa alijulikana kwa merikani isiyo na nakshi au kaniki nyeusi. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliivua kaniki wakajifunga kanga za rangi, na kwa kufanya hivyo wakatangaza kuwa wao ni watu kamili. Vazi lililoanzishwa kwa vipande vya leso likawa hati ya uhuru. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 na kuchapa kanga, kilikuwa kinafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na sindano za uani.

Jambo la tatu ni maisha marefu ya vitu. Katika nyumba yenye watu wengi kitu hakifi, huhama kazi. Kanga mpya huvaliwa harusini, kisha hufanyiwa kazi za shambani, kisha humbeba mtoto. Ikichakaa hukatwa winda, na baki lake huwa kata ya kutulizia ndoo kichwani au kitambaa cha kuepulia sufuria. Kipande cha mwisho hufungwa kwa uzi kikawa mtoto wa bandia, au husokotwa pamoja na makaratasi ukawa mpira wa chandimu. Kifuu cha nazi hutiwa mpini kikawa upawa. Chungu kikivunjika, kipande chake kikubwa huwa gae la kuchukulia makaa. Kopo lililokwisha kazi hutiwa utambi likawa kibatari. Tairi la gari huwa katambuga, na kandambili zilizokatika huwa magurudumu ya gari la waya. Mtoto aliyetengeneza gari la namna hiyo, lenye usukani mrefu anaouzungusha huku akikimbia, amekwisha kujifunza kupima, kupinda, kusawazisha na kukosoa kazi yake mwenyewe, ingawa hakuna aliyempa cheti. Vitu hivyo vyote, kabla havijawa upawa, kibatari au gari, vilikuwa vikorokoro vilivyorundikwa pembeni ya ukuta. Lau vingetupwa siku ile ile, visingezaa kitu.

Hata sanaa ya sauti imepita uani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, katika nyumba ya kimaskini ambamo mama yake alikuwa mfinyanzi. Siti alichukua vyungu vya mama yake akavitembeza akiviuza, na sauti yake ilijulikana kwanza kwa nyimbo alizoimba ili kuwaita wanunuzi. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutia nyimbo zao katika santuri, wakaipeleka taarabu ya Kiswahili mbali kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Sheikh Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu. Mwanafunzi anayesoma wasifu ule na akumbuke kuwa kabla ya santuri palikuwa na udongo na moshi wa kuchomea vyungu, na mtoto aliyetumwa kuuza.

Tumekwisha kusema habari za vikorokoro. Sasa tuje kwenye mambo yanayoharibika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hunukuliwa mara nyingi kwa ajili ya kumfariji aliyepatwa na hasara. Lakini ina maana nyingine ya ndani zaidi: mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hulazimika kufikiri upya, na pengine hupata njia ambayo asingeitafuta lau koleo lingekuwa zima.

Historia ya uchongaji wa Kimakonde inayo simulizi inayoafiki jambo hilo. Katika miaka ya 1950 Wamakonde wengi waliohama Msumbiji walikuwa Tanganyika, na baadhi yao walichonga mpingo na kuuza kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Sanamu zilizotakiwa sokoni zilikuwa za watu wa kawaida: mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtungi. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na sanamu ya mtu, mkono wake ukavunjika. Mpingo ni mti wa thamani na siku za kazi zilizotumika haziwezi kurudishwa. Badala ya kuutupa, Samaki aliendelea kuuchonga, akaiacha sura ya binadamu akafuata sura ya shetani wa masimulizi ya kwao, kiumbe asiye na viungo sawa wala uso wa kawaida. Mfanyabiashara Mohamed Peera aliipokea kazi hiyo na kuiuza, na wachongaji wengine wakafuata. Leo mtindo wa shetani unajulikana duniani kote. Mkono uliovunjika haukumfanya Samaki kuwa fundi, kwa kuwa ufundi alikuwa nao tayari. Wala mashetani hakuyabuni siku hiyo, kwa kuwa aliyasikia tangu utotoni. Ajali ilifungua mlango tu. Nyuma ya mlango huo palikuwa na hazina aliyoilea kwa miaka mingi.

Mfano mwingine ni wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru mwaka 1932. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi kama walivyokuja vijana wengi wa kusini. Ilipofika mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji waliosomea. Alitumia ubao mwembamba wa kiwandani uliokusudiwa kwa dari na kuta, na rangi za mafuta zinazong'aa, za aina iliyotumika kupakia baiskeli. Picha zilichorwa nyumbani Msasani, na mke wake aliziuza Morogoro Stores, Oysterbay. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa jamaa zake, vijana waliokaa karibu naye wakimtazama, wakajaza rangi hapa na kuchora mkia wa chui pale. Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Lau angekuwa msanii wa chumba kilichofungwa, sanaa yake ingezikwa pamoja naye. Kwa kuwa ilifanywa mbele ya jamaa, katikati ya shughuli za nyumbani, iliendelea mikononi mwao, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Yawezekana msomaji akauliza: ikiwa nyumba zetu zilikuwa na utajiri huu, kwa nini tumefundishwa kuona haya kwa ajili yake? Sehemu ya jibu imo katika elimu tuliyorithi. Shule za wasichana za wakati wa ukoloni zilifundisha maarifa ya nyumbani, na kipimo chake kilikuwa nyumba ya Mzungu: meza yenye kitambaa cheupe, kila chombo kabatini, mtoto aliyekaa kimya kitini. Hatusemi kuwa mafunzo hayo hayakuwa na faida. Mama zetu walichukua sindano ya kufuma wakaifanya yao, na vitambaa vya makochi vilivyopamba sebule nyingi ni mazao ya mikono yao wenyewe. Lakini pamoja na sindano kiliingia kipimo, nacho kilihukumu kuwa nyumba isiyoonyesha kazi ndiyo nyumba iliyostaarabika. Tulipopata uhuru tulibadili bendera, na kipimo hicho wengi wetu tukakiacha ukutani. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilionya juu ya shule inayomtenga mtoto na jamii iliyomzaa. Onyo hilo lahusu pia sebule iliyofungwa kwa ufunguo, ambayo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kuikanyaga mpaka aje mgeni.

Ni lazima tutenganishe hapa mambo mawili ambayo huchanganywa. Uchafu ni adui. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ilichimba vyoo na kufukia madimbwi, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kurudi nyuma. Lakini mabua ya mahindi yanayongoja kuwa gari si dimbwi la mbu. Wazee wetu walijua tofauti hiyo vizuri. Uwanja ulifagiwa alfajiri mpaka alama za ufagio zikaonekana mchangani. Mchana ukatapakaa kazi za watu wazima na michezo ya watoto. Jioni vyombo vikarudishwa ndani, na kesho yake uwanja ukafagiwa tena. Utaratibu ulikuwapo, nao ulikuwa wa majira, kama maji kupwa na kujaa. Hakuna aliyetaka pwani iwe kavu saa zote.

Aidha, hatuna budi kusema ukweli kuhusu mkono ulioshika ufagio. Kwa vizazi vingi ulikuwa wa mama na wa binti. Mvulana alichezea vikorokoro akaondoka. Dada yake akabaki kuvikusanya. Tukiusifu ua bila kulitaja hilo, tutakuwa tumesifu jasho la mtu mwingine. Nyumba inayoruhusu watoto wote kuharibu ili wajifunze sharti iwafunze wote kukusanya, na mvulana ajue kuwa kazi haijesha mpaka mchanga uwe umefagiwa.

Suala lenyewe ni zito leo kuliko lilivyokuwa zamani. Mijini nyua zinatoweka. Jamaa hukaa katika vyumba visivyo na mahali pa kupondea wala kusukia, na nyumba mpya nyingi hujengwa kwa ajili ya kutazamwa. Gari la plastiki hununuliwa likiwa tayari, na likivunjika hutupwa, kwa kuwa mtoto hakuona lilivyoungwa na kwa hiyo hajui linavyoungika. Vikapu na mikeka huuzwa kwa watalii na watu ambao watoto wao hawajui jina la ukili. Lugha nayo hupungua pamoja na kazi: maneno kama gae, upawa, winda na katambuga yanakosa mahali pa kutamkiwa. Taifa linaweza kujenga jumba zuri la kuhifadhia mkeka wa mwisho. Litahitaji pia mahali ambapo mkeka wa kwanza wa mtoto wa miaka kumi, uliopinda upande mmoja, unaweza kutandikwa bila kuchekwa.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wafanye mambo ambayo hayahitaji fedha. Mwanafunzi na atumwe nyumbani akatazame kitu kimoja kilichobadilishwa kazi, amwulize bibi au babu jina lake, kilikuwa nini kwanza, na nani alikibadili, kisha aandike. Katika kazi za mikono, kazi iliyoharibika isitupwe kabla darasa halijajadili inaweza kuwa nini. Mwanafunzi aulizwe, "Umeona nini hapa ilipopinda?" kabla ya kupewa alama. Ama kwa wazazi, tunawaomba wautenge japo upembe mmoja wa nyumba, uwe wa ua au wa veranda, ambao mtoto ana ruhusa ya kuutapanya kutwa, kwa sharti la kuukusanya jioni. Kwa mwanafunzi mwenyewe tunasema hivi: kabla hujaona haya kwa sababu nyumbani kwenu kuna vinu, makopo na vipande vya kanga, wakumbuke wanawake walioshona leso sita, na Samaki aliyebaki na mpingo uliokatika mkono. Walianza na vitu kama hivyo.